UZI: Viola na piano ndani ya maktaba ya umma, namna ya kuzuia viola isimezwe

#1 Zamu_ya_Jioni

Habari zenu wakuu.

Maktaba nyingi za umma Marekani na Uingereza zina ukumbi mdogo wa viti 60 hadi 80. Chini zulia, juu dari ya vigae laini, piano ya kusimama imesukumwa ukutani, na kila baada ya muda kunakuwa na onyesho la muziki la bure la saa moja. Akija mpiga fidla mambo huenda. Akija mpiga viola, kuanzia safu ya nne kurudi nyuma watu wanasikia piano huku wakimwona mtu anavuta upinde. Lawama anabebeshwa mpigaji, wakati kosa limeshafanyika kwenye kupanga viti.

Kwa asiyeijua: viola ni ndugu mkubwa wa fidla, nyuzi zake kuanzia chini ni C, G, D na A. Uzi wa C hutetema karibu mara 131 kwa sekunde. Sasa angalieni vipimo. Mwili wa fidla una sm 35.6. Viola za watu wazima ziko kati ya sm 39 na 43. Ili sanduku la viola lilingane na sauti zake kama la fidla linavyolingana na zake, lingetakiwa kufika kama sm 53, na hapo hakuna bega la kulibeba. Kwa hiyo viola inatoa sauti nzito kupitia sanduku dogo kuliko inavyohitaji. Utamu wake unatoka hapo, ile sauti kama ya mtu anayeongea kutoka kifuani, na kumezwa kwake kunatoka hapo hapo. Piano nayo, pale katikati mikono miwili inapokutana, ndipo viola inapoimbia.

Naomba tuweke vipimo na hatua. Naanza na viti.

Ukumbi wa mstatili, watu wengi huwaweka wapigaji kwenye ukuta mfupi kwa sababu "inafanana na jukwaa". Geuzeni. Wapigaji wakae katikati ya ukuta mrefu. Viti 70 kwa safu 5 za viti 14, safu ya kwanza ikiwa mita 3 kutoka kwa viola na nafasi ya sm 90 kati ya safu na safu, msikilizaji wa mwisho anakuwa mita 6.6. Mkipanga safu 9 za viti 8, wa mwisho anakuwa zaidi ya mita 10, na mbele yake kuna vichwa na makoti ya safu nane yanayokunywa sauti. Njia ya katikati iwe na mita 1.2, na nafasi za viti vya magurudumu ziachwe safu ya mbele na ya tatu, zisiwe zote nyuma mlangoni.

---

#2 FundiNyundo

Mkuu Zamu, umeanza vizuri. Naingia kwa upande wa piano, maana hapo ndipo maktaba nyingi zinapoteza fedha bila faida.

Piano ya kusimama ina kilo 200 hadi 250 na uzito mwingi uko nyuma, kwenye fremu ya chuma. Ikikwama gurudumu kwenye ukingo wa zulia ikasukumwa kwa nguvu, huangukia mgongo. Watu wawili wenye nguvu, mmoja kila upande, isogezwe taratibu, na kwenye ukingo wa zulia liwekwe ubao mwembamba wa kuvukia. Magurudumu madogo ya piano za kusimama mengi yametengenezwa kwa kusogea hatua chache tu.

Ikiwa imetolewa jengo lingine, iacheni itulie wiki moja hadi mbili kabla ya kutuniwa (kurekebishwa sauti za nyuzi). Mbao zinanyonya au kutoa unyevu wa mahali papya, sauti inahama. Mkiituni siku ya kuletwa, mtaituni tena.

Kutuni kunachukua saa moja na nusu hadi mbili, na fundi anahitaji KIMYA. Maktaba husahau hili kila mara. Fundi anasikiliza mapigo madogo kati ya nyuzi mbili zinazokaribia kulingana. Mtoto akilia chumba cha pili, au mashine ya kufyonza vumbi ikipita, anasimama. Maktaba ikifunguliwa saa 4 asubuhi, fundi awe ndani saa 1 na nusu, na mtu wa kumfungulia mlango ajulikane tangu jana.

Piano kuukuu. Vibonyezo 88 vina nyuzi zinazokaribia 230, na mvutano wote kwenye fremu ni tani 15 hadi 20. Ikiwa piano imeshuka chini ya A ya 440 (noti A inayotetema mara 440 kwa sekunde, kiwango cha kawaida) kwa senti 20 au zaidi (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), haiwezi kupandishwa na kukaa kwa mkupuo mmoja. Ukikaza upande mmoja, ubao wa sauti unabonyea, ule uliokwisha kukazwa unalegea. Inatakiwa mizunguko miwili: wa kwanza wa haraka, wa pili wa makini, na ikiwezekana wa tatu baada ya siku kadhaa. Nyuzi zenye kutu hukatika kwenye kazi hiyo. Ikiwa imebaki wiki moja, msiipandishe kabisa. Ituniwe vizuri pale ilipo, iwe 435 au 432, viola ndiyo ishuke. Viola inashuka kwa kuzungusha vigingi vinne, piano ina zaidi ya 200.

---

#3 Uzi_wa_C

Hapo kwenye mstari wa mwisho naongeza: kama viola itashushwa, ishushwe siku mbili kabla ili nyuzi zitulie, na mpigaji afanyie mazoezi kwenye kiwango hicho. Mtu ambaye sikio lake limezoea 440 vidole vyake vitapanda juu bila kujua.

Sasa kusimama. Mpiga viola ameweka chombo begani kushoto, na uso wa chombo, ule wenye matundu mawili ya sauti, unatazama juu na kuinama kidogo kuelekea KULIA kwake. Wasikilizaji inabidi wawe upande wa bega lake la kulia. Maana yake ukikaa kitini ukimtazama, kichwa cha viola kinaelekea mkono wako wa kulia, na piano iwe imepangwa hivi kwamba mpiga piano naye anawapa wasikilizaji ubavu wake wa kulia. Ukimgeuza mpiga viola upande wa pili kwa sababu "picha inapendeza", sauti yote inaenda ukutani. Wapiga viola wa okestra wanaokaa mkono wa kulia wa watazamaji wana shida hii hii: matundu yao yanatazama nyuma ya jukwaa.

Stendi ya karatasi ishuke chini na ilale karibu kama meza, na isikae kati ya matundu ya sauti na watu. Stendi pana iliyosimama wima usawa wa kifua ni ukuta.

Kutuni viola kwa piano: watu huchukua A, kisha hushuka D, G, C kwa kusikiliza nyuzi mbili mbili hadi zikae safi. Safi ya sikio ni pana kuliko ya piano kwa senti 2 kila hatua. Hatua tatu, C inakuwa imeshuka senti 6 chini ya C ya piano. Nyimbo za viola zinapenda kutulia kwenye uzi wa C mtupu, na hapo piano ikiwa chini yake inapiga C hiyo hiyo, watu wanasikia kitu kimechacha bila kujua ni nini. Dawa: chukua A kutoka piano, tuni nyuzi nyingine zikiwa zimebanwa kidogo sana, halafu mpiga piano akupe C na G uhakikishe moja moja.

Nyuzi mpya zisiwekwe siku ya onyesho. Zenye moyo wa sintetiki zinavutika siku 3 hadi 7 kabla ya kutulia. Uzi wa A mara nyingi ni wa chuma, unatulia haraka, lakini ndio unaokatika zaidi, kwa hiyo wa akiba uwe mfukoni na siyo nyumbani.

---

#4 Zamu_ya_Jioni

Nashukuru wakuu. Acha nirudi kwenye kelele za jengo, kwa sababu uzi wa C una adui wake maalumu.

Zile taa za mirija zenye choki za zamani hunguruma. Marekani umeme ni wa mizunguko 60, mngurumo unakuja mara 120 kwa sekunde. Uingereza na Afrika Mashariki ni 50, mngurumo ni 100. Linganisheni na 131 ya uzi wa C. Mngurumo umekaa chini kidogo tu ya noti ya mwisho ya viola, unaifunika kama moshi. Kiyoyozi nacho kina mvumo wa chini chini. Zimeni taa hizo mtumie za kawaida za kusimama. Kiyoyozi kiwashwe mapema, chumba kipoe, kisha kizimwe dakika 5 kabla ya noti ya kwanza. Kisizimwe tangu asubuhi, maana joto la watu 70 likipanda ghafla piano na viola zinahama kila moja kwa njia yake.

Mengine ya maktaba ambayo ukumbi wa muziki hauna:

Tangazo la kufunga. Maktaba inafungwa saa 11 jioni, onyesho limeanza saa 10, na ile sauti iliyorekodiwa, "maktaba itafungwa baada ya dakika 15", inaingia saa 10:45, katikati ya sehemu ya polepole. Spika ya dari ya ukumbi izimwe kwenye swichi yake, na mtu apite kwa miguu kuwaambia wasomaji.

Sanduku la kurudishia vitabu. Likiwa limeegemea ukuta wa ukumbi, kila kitabu kinachoanguka ni ngoma. Wekeni mto au blanketi ndani.

Printa na mashine ya kuazimia inayolia "piip". Sauti ya mashine inapunguzwa kwenye mipangilio, ni kazi ya dakika moja kwa anayejua.

Ratiba ya watoto. Msiweke saa ya hadithi chumba cha jirani saa hiyo hiyo. Hili haliombewi, linapangwa kwenye kalenda miezi miwili kabla.

Karatasi ya ratiba. Ukurasa mmoja, herufi za ukubwa wa 14, usiohitaji kugeuzwa. Watu 70 wakigeuza karatasi pamoja, dakika ile viola inapiga kwa ncha ya upinde, hamtasikia chochote.

---

#5 BintiMvita

Shikamooni wakubwa. Swali kutoka Mombasa. Ukumbi tuliopewa hauna piano, kuna kinanda cha umeme cha vibonyezo 88 vizito. Vipimo vya unyevu huku vinapita asilimia 75 siku nyingi. Je, inafaa, au tuhangaikie piano ya mbao? Na viola tuilinde vipi?

---

#6 FundiNyundo

Marahaba binti yangu. Kwa unyevu huo, kinanda cha umeme kizuri ni bora kuliko piano ya mbao iliyoachwa bila matunzo. Piano inapenda asilimia 40 hadi 50 isiyobadilika badilika. Huko pwani vibonyezo huvimba na kugoma kurudi, manyoya ya nyundo yanalegea, nyuzi zinaota kutu. Piano za pwani zinazodumu zina kifimbo cha joto kilichofungwa ndani kwa chini, kinachowaka saa 24 kukausha hewa, na anayekizima kuokoa umeme anaiua piano.

Kinanda cha umeme kina mambo matatu. La kwanza, spika zake humtazama mpigaji, hivyo yeye anasikia nyingi na ukumbi unasikia kidogo, anazidi kupandisha. Tumieni spika ya nje, iwe kando ya kinanda, usawa wa kiti cha mpigaji, mita moja nyuma ya viola. Msipitishe kwenye spika za dari. Sauti ya piano ikitoka juu na ya viola ikitoka mbele, sikio haliziunganishi. La pili, kiwango cha A kiangaliwe kwenye mipangilio, kuna vingine vimeachwa 442. La tatu, pedali iwe ile inayokubali kubonyezwa nusu. Ya kuwaka na kuzima tu inaacha sauti za piano zikirundikana juu ya viola.

Kupima sauti: mtu akae safu ya tatu, wapigaji wapige mahali penye kelele zaidi katika ratiba nzima, spika ipandishwe hadi viola ianze kupotea, kisha ishushwe hatua mbili. Iachwe hapo, na kitasa kifunikwe kwa mkanda ili asiwepo wa kukigusa.

Viola nawaachia wenyewe.

---

#7 Uzi_wa_C

BintiMvita, viola huko: pakiti za silika ndani ya sanduku, zikaushwe kwenye oveni ya moto mdogo zikishiba maji, na kipima unyevu kidogo kiwe humo ndani. Lengo ni asilimia 45 hadi 55. Vigingi vinavimba na kukwama. Msivilazimishe kwa koleo, vitolewe kimoja kimoja vipakwe sabuni kavu kidogo na chaki. Walioko Marekani majira ya baridi wana tatizo la kinyume: vipasha joto vinakausha hewa hadi asilimia 20, vigingi vinateleza na viungo vya mbao vinaachia.

Kiungo kikiachia, viola hupiga mlio wa kukereza kwenye noti moja au mbili. Gonga ukingo wote kwa kifundo cha kidole, polepole, kuzunguka mwili. Palipoachia panatoa sauti ya uwazi, kama gogo bovu. Msiweke gundi ya mbao ya dukani wala ile ya kukauka haraka. Viola hugundishwa kwa gundi ya ngozi, inayoweza kufunguliwa tena na fundi. Gundi nyingine ikiingia, siku nyingine kufungua kiungo kunang'oa mbao.

Msiuchanganye mlio huo na noti inayounguruma. Viola nyingi zina noti moja, mara nyingi karibu na F kwenye nyuzi za chini, inayotetemeka na kukataa kushikika. Hiyo ni mwili wa chombo unaoshindana na uzi. Kipande kidogo cha chuma chenye mpira hufungwa kwenye uzi nyuma ya daraja (kibao kinachoinua nyuzi) na kusogezwa milimita chache hadi noti itulie. Kwenye chumba kikavu chenye zulia inasikika zaidi, kwa sababu hakuna mwangwi wa kuificha.

---

#8 Mkereketwa_254

Mbona tusiweke maikrofoni ndogo kwenye viola na shida iishe?

---

#9 Zamu_ya_Jioni

Kaka, ukumbi wa mita 7 hauhitaji. Maikrofoni ya kubana kwenye daraja inachukua mkwaruzo wa upinde kabla ya sauti, na spika ya maktaba imetengenezwa kwa hotuba, noti za uzi wa C haizitoi vizuri. Mahali pake halali ni hapa tu: kwa wenye usikivu hafifu. Kumbi nyingi za umma zina waya uliozungushwa sakafuni unaotuma sauti moja kwa moja kwenye vifaa vya masikioni. Maikrofoni isimame mita moja na nusu mbele ya viola, ilishe mfumo huo TU, spika za ukumbi zikae kimya. Mjaribu na mtu mwenye kifaa kabla ya siku, maana mara nyingi mfumo upo na haujawashwa.

Badala ya maikrofoni, shughulikieni sakafu. Piga kofi moja chumba kikiwa kitupu, usikilize mwangwi unadumu kiasi gani. Muziki wa vyombo vichache unapenda mwangwi wa sekunde 1.3 hadi 1.7. Chumba chenye zulia na dari laini kiko chini ya sekunde moja. Wekeni plaiwudi mbili za futi 4 kwa 8, unene wa mm 18, bega kwa bega, viola isimame juu yake na ukingo wake uelekee watu. Kingo zibandikwe mkanda wa rangi kali watu wasijikwae. Nyuma ya wapigaji pawe ukuta mtupu au rafu za vitabu. Rafu zenye vitabu vya vimo tofauti zinatawanya sauti vizuri, pazia zito linaimeza. Pazia livutwe kando.

---

#10 FundiNyundo

Na piano ya kusimama iondolewe ukutani, mgongo wake ndio mdomo wake. Ukiwa umeelekea watu, tundikeni blanketi zito mgongoni, lifunike theluthi mbili za chini. Kifuniko cha juu kifungwe. Pedali ya katikati ile inayoshusha kitambaa mbele ya nyundo isitumike, ni ya mazoezi ya usiku, inaua rangi yote ya sauti.

Mkibahatika kuwa na piano ya kulala, kifuniko kiwekwe kwenye kijiti kifupi. Wanaokifunga kabisa wanakosea: sauti inakuwa kama iko ndani ya kabati, mpiga piano hajisikii, anazidi kugonga.

---

#11 Mwl_Alto

Nimesoma yote, mmesema vizuri. Mimi nasema mchezo huu unashindwa au kushinda kwenye kuchagua nyimbo. Plaiwudi inasaidia, lakini ukichagua vibaya hakuna mbao ya kukuokoa.

Rahisi zaidi kusikika ni sonata (kazi ya muziki yenye sehemu kadhaa) ya Schubert ya mwaka 1824, D. 821, ile iliyoandikwa kwa ajili ya arpeggione. Arpeggione kilikuwa chombo cha nyuzi sita kilichopigwa kwa upinde huku kikituniwa kama gitaa, kilitengenezwa Vienna na Johann Georg Stauffer mwaka 1823 na hakikudumu. Viola ndiyo imerithi kazi hiyo, kwa kuhamisha oktava hapa na pale kwa sababu ina nyuzi nne tu. Sehemu ya piano ni nyepesi, inaacha hewa. Ugumu wote uko kwa viola. Dakika 20 hadi 25, kutegemea marudio.

Brahms, Opus 120 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), sonata mbili za mwaka 1894. Ziliandikwa kwa klarineti, na Brahms mwenyewe akatoa za viola. Angalieni sana hapa. Klarineti inapenya kwenye mikono mizito ya piano, viola haipenyi. Ile ya kwanza, F ndogo (F minor), kwenye ukumbi wa zulia na piano ya kusimama, ni mtego. Ya pili, E shuka kubwa (E-flat major), ina nafasi zaidi.

Na sasa ile ninayoipigania. Mwaka 1919 pekee ulizaa kazi tatu kubwa za viola na piano: sonata ya Rebecca Clarke, Suite ya Ernest Bloch, na Opus 11 Namba 4 ya Hindemith. Ya Clarke na ya Bloch zilikutana kwenye shindano la Elizabeth Sprague Coolidge, mfadhili wa muziki, Marekani, lenye zawadi ya dola 1,000. Kazi zaidi ya 70 ziliingia bila majina. Waamuzi sita waligawanyika tatu kwa tatu, Coolidge akapiga kura ya kuamua na Bloch akashinda. Sonata ya Clarke ilipigwa mwaka huo huo huko Pittsfield, Massachusetts, na Louis Bailly kwenye viola na Harold Bauer kwenye piano.

Mama huyo Coolidge ndiye baadaye aliyetoa dola 60,000 kujenga ukumbi wa muziki ndani ya Maktaba ya Bunge mjini Washington. Ulifunguliwa mwaka 1925, una viti vinavyokaribia 500, na matamasha yake ni ya bure. Kwa hiyo anayepiga Clarke maktabani anapiga mahali pake, na mkutubi anayetafuta sababu ya kumwambia bosi wake, ameipata.

Kiufundi, Clarke alikuwa mpiga viola, na inaonekana. Sonata inaanza kwa piano kupiga sauti zake na kuziacha zikining'inia, viola inaita peke yake juu yake, kwa nguvu, kama tarumbeta. Ndani ya sekunde kumi watu wamejua sauti ya viola ni ipi, na masikio yao yanaifuata hadi mwisho hata piano ikijaa. Sehemu ya tatu inafunguliwa na piano peke yake kwa wimbo mwepesi. Hapo mpiga piano apige kwa sauti ambayo viola inaweza kuijibu, siyo sauti anayoitamani yeye.

Ratiba inayotosha ndani ya dakika 55: Élégie ya Vieuxtemps, Opus 30, dakika 7. Märchenbilder ya Schumann, Opus 113, vipande vinne, dakika 15 au 16. Clarke, dakika 23 hadi 25. Maneno mafupi kati yake, dakika 5. Hakuna mapumziko, ukitoa mapumziko maktabani theluthi moja wanaishia kwenye rafu.

---

#12 Uzi_wa_C

Mwalimu, nakubali isipokuwa mpangilio. Kuanza na Vieuxtemps kunafungua kwa polepole na kwa uzito, mkono wa kulia bado baridi. Anza na Schumann. Kipande cha tatu, cha haraka, kinauamsha mkono, cha nne ni kama bembelezi, kinatuliza chumba. Kisha Élégie, kisha Clarke.

Mwenye wasiwasi wa watu kupiga makofi kati ya sehemu achukue Hindemith badala ya Clarke. Sehemu zake tatu hupigwa bila kusimama, dakika 17 hivi. Lakini makofi kati ya sehemu hayadhuru. Mpigaji ainamishe kichwa, ashushe upinde, aendelee.

---

#13 Mwl_Alto

Sawa, Schumann mbele. Umenishawishi kwa hoja ya mkono.

---

#14 Mkereketwa_254

Na karatasi za muziki? Naona watu wanapakua tu.

---

#15 Mwl_Alto

Hapo tazama mwaka wa kufa mtunzi na nchi uliyopo. Schubert, Schumann, Brahms na Vieuxtemps ni huru kila mahali, ila toleo jipya lenye kazi ya mhariri lina haki zake. Clarke alifariki 1979. Sonata yake ilichapishwa 1921, kwa hiyo Marekani ni huru. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya wanahesabu miaka 70 baada ya kifo, maana yake hadi mwisho wa 2049. Kenya na Tanzania sheria zimehesabu miaka 50, hadi mwisho wa 2029. Hindemith alifariki 1963, Bloch 1959, fanyeni hesabu hiyo hiyo. Na kumbuka kupiga hadharani ni jambo tofauti na kunakili karatasi, hata kama kiingilio ni bure. Maktaba iulizwe kama ina leseni ya kupiga muziki hadharani kabla ya tangazo kutoka.

Nunueni nakala halisi mkiweza. Zina karatasi nene isiyopepea kiyoyozi kikipuliza.

---

#16 Zamu_ya_Jioni

Nimeongeza hilo la leseni kwenye orodha. Kuhusu anayegeuza kurasa: asimame kushoto kwa mpiga piano, ageuze kwa mkono wa kushoto kutoka pembe ya juu, asipite mbele ya macho yake. Akitumia kompyuta kibao yenye pedali ya kugeuzia, taarifa zote zizimwe, chaji iwe imejaa, na nakala ya karatasi iwe chini ya kiti.

Na meza mlangoni. Wekeni pale vitabu na karatasi za muziki wa viola vilivyomo maktabani, na mashine au mtu wa kuazimisha palepale. Watu wakitoka na sauti bado masikioni, wanaazima.

---

#17 BintiMvita

Swali la mwisho wakubwa. Tuna ukumbi saa 3 tu kwa jumla, pamoja na onyesho lenyewe. Tugawe vipi?

---

#18 Uzi_wa_C

Kinanda chenu ni cha umeme, saa za fundi mmeziokoa. Dakika 40 za kwanza: plaiwudi, spika, viti, kuzima taa zinazonguruma. Dakika 10 za kutuni na kulinganisha C. Dakika 35 za wapigaji, lakini msipige ratiba nzima: pigeni mwanzo wa kila kazi na mahali penye kelele zaidi, mtu wenu akiwa safu ya tano. Kumbuka chumba kitupu kinadanganya, watu wakiingia kinakauka zaidi, kwa hiyo viola isikike kupita kiasi kidogo wakati wa majaribio. Mlango ufunguliwe zikiwa zimebaki dakika 20, na kuanzia hapo viola isikae sandukuni, ikae ndani ya ukumbi wenyewe kwenye kiti, imefunikwa kitambaa, izoee hewa yenye watu. Dakika 55 onyesho. Dakika 20 zinazobaki ni za kufungasha, na ulimbo (unga unaotoka kwenye upinde) ufutwe kwenye nyuzi na mbao kabla sanduku halijafungwa. Kwa unyevu wenu ukilala usiku mmoja unaganda.

---

#19 BintiMvita

Asanteni sana. Plaiwudi tumepata moja tu ya mm 18, nyingine ni mm 12.

---

#20 Zamu_ya_Jioni

Ya mm 18 isimamie viola. Ya mm 12 iende mbele yake, upande wa watu, haibebi mtu hapo.